Daftari la Tuisheni

Uzi aliingia na karatasi mkononi, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, pale pale kwenye kitambaa ambacho mama yake alikuwa akikipiga chaki. Alivua viatu vya shule, akaenda kukaa juu ya gunia la vipande, akaukumbatia mkoba wake.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. Ulikuwa mtihani wa hisabati. Swali la tano, la jiometri, lilijibiwa ukurasa mzima kwa mwandiko safi, na juu ya mwandiko huo mtu alikuwa amepiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, kwa nguvu kiasi cha kuichana karatasi. Chini yake paliandikwa: AMENAKILI. SIFURI. MZAZI AFIKE OFISINI.

"Umenakili?"

"Sijanakili."

"Nani kasema umenakili?"

"Profesa."

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, na ni yeye mwenyewe aliyewaagiza wanafunzi wamwite hivyo. Alikuwa na madarasa mawili. La asubuhi alilipwa mshahara kulifundisha, na humo aliandika kichwa cha somo ubaoni, akachora duara moja bovu, akatazama saa, akasema, "Haya mengine tutayamalizia jioni." La jioni lilikuwa tuisheni, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, na mlango wake ulifunguliwa kwa mwenye risiti. Wazazi walijua. Walimu wenzake walijua. Mkaguzi aliyefika mara moja kwa mwaka naye alijua, akanywa soda yake akaondoka. Lilikuwa jambo la kutapisha, lakini kwa kuwa lilifanyika mchana kweupe na kwa adabu zote, watu walilizoea.

Nyumbani kwa Fundi hapakuwa na pesa za jioni. Palikuwa na simu moja, ambayo spika yake ilikufa siku ilipotumbukia kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa. Aliyepiga simu ulimsikia vizuri sikioni, lakini video zilicheza bila sauti hata chembe, na tundu la visikilizio lilikuwa limekula kutu. Uzi, binti wa miaka kumi na saba aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alipakua masomo ya jiometri, akaiegemeza simu kwenye cherehani, akatazama hivyo hivyo. Mwalimu wa video hakuonyesha uso. Ulionekana mkono wake tu, wenye pete, ukichora na kuandika. Kwa hiyo nyumbani alikuwa na jina moja: Mkono.

"Leo Mkono kafundisha nini?" Fundi aliuliza kila alipopita na pasi, na Uzi akachukua chaki ya mama yake akamchorea hapo hapo mezani, hata juu ya nguo ya mteja asipoangaliwa.

Tatizo ni kwamba Mkono aliandika hatua, lakini sababu za hatua alizisema kwa mdomo, na mdomo huo hakuna aliyeusikia. Ikabidi Uzi ajitafutie sababu mwenyewe. Alikuwa mtoto mbishi, hakubali jambo mpaka ajue kwa nini. Alisimamisha video, akakata duara kutoka karatasi ya kukatia patani za nguo, akalikunja, akalikunjua, akalaza upande huu juu ya ule, akabishana na mama yake mpaka chai ikapoa. Pembe zikilaliana bila kubaki wala kuzidi, aliandika sababu yake: *ukikunja zinalaliana*. Wiki sita alisoma hivyo, na kwenye mtihani akaandika hivyo hivyo.

"Sasa kunakili kumetokea wapi?" aliuliza Fundi.

"Anasema hatua ni sahihi, sababu ni za kishamba. Eti nilipata muda wa kunakili hatua, wa kunakili sababu sikupata. Na nilikaa karibu na mtoto wa tuisheni."

"Huyo naye alipata?"

"Wa tuisheni wote wamepata. Walilifanya jioni ya jana yake, mama. Swali lile lile, na herufi zile zile."

Fundi aliuweka mkasi chini.

"Na Mkuu hatasaini fomu yangu ya mtihani wa taifa mpaka kesi iishe," alisema Uzi.

"Fomu zinaondoka lini?"

"Ijumaa, saa sita."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

&nbsp;

Kesho yake walipoingia ofisini, Mkuu wa shule alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti. Kila alichokitoa alikitazama kwanza, kisha akakipangusa kwenye ukingo wa meza. Pembeni palikuwa na sahani ya mifupa iliyofunikwa gazeti, na nzi wawili walikuwa wameshajua pa kuingilia. Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa mafaili.

"Simama tu, mama," alisema. "Hatuchukui muda."

Fundi akasimama. Mwalimu wa nidhamu alikaa dirishani, mikono kifuani, nusu macho nusu usingizi. Profesa alikaa karibu na ubao mdogo wa ofisini, miguu ameinyoosha, suruali imemkaza mpaka kifungo kikalalamika.

"Mimi si mtu wa kuonea watoto," alisema Profesa. "Kama anajua, ubao ule pale. Athibitishe."

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Chora nusu duara. Weka alama popote kwenye ukingo wake, uiunganishe na ncha mbili za kipenyo, upate pembetatu. Thibitisha kwamba pembe ya juu ni nyuzi tisini, hata ukiisogeza wapi.

Uzi alichora.

"Hapa ni katikati," alisema. "Kutoka hapa kwenda ukingoni ni urefu mmoja, popote uendapo. Duara hukatwa hivyo, msumari mmoja na kamba moja. Nikipiga mstari kutoka katikati kwenda ncha ya juu, napata pembetatu mbili, na kila moja ina pande mbili sawa. Hii ya kushoto, ukiikunja katikati, pembe hii inaiangukia hii. Ziwe a na a. Ya kulia vilevile, b na b. Sasa turudi kwenye pembetatu kubwa. Pembe zake zote jumla ni nyuzi mia na themanini, na humo kuna a mbili na b mbili. Basi a moja na b moja ni nusu yake. Tisini. Na ncha ya juu ni a moja na b moja."

Akaweka chaki chini. Fundi, ambaye masomo yake yaliishia darasa la saba, alikuwa ameelewa kila neno. Miaka ishirini alikuwa amekata sketi za duara kwa msumari na kamba, na sasa alimwona mwanawe ameikunja ofisi nzima mara mbili mbele ya watu wazima watatu. Kifua kilimjaa.

Mwalimu wa nidhamu alifumbua macho. "Kumbe ndivyo ilivyo?" alisema. "Sisi tulikariri tu."

Mkuu alimkata jicho, naye akayafumba tena.

"Taja nadharia ya pembetatu uliyotumia," alisema Profesa.

"Nimeeleza. Ukikunja..."

"Sijauliza kukunja. Jina."

"Jina silijui."

Profesa aligeuka kwa Mkuu, mikono ameikunjua, uso umeng'aa kwa furaha. "Umesikia mwenyewe. Anayejua kitu anajua na jina lake."

"Mwalimu," Fundi alisema, "mimi nakata hivyo hivyo, na jina lake silijui. Wateja wanavaa na nguo zinawakaa."

"Mama, hapa si kwa fundi cherehani."

Kijiti kiliingia tena kinywani. "Tutalitafakari," alisema Mkuu, akalivuta lile gazeti kutoka kwenye sahani ili asome. Hapo Fundi akajua kwamba mambo yote yalikuwa yamekwisha kabla hawajaingia, na kwamba walikuwa wameitwa kutumbuiza tu.

&nbsp;

Jumatano mchana Profesa alifika kwenye kibanda cha Fundi na suruali ya kijivu begani.

"Imenibana," alisema, kama vile hakuna lililotokea. "Nipime vizuri, iachiwe mpaka mwisho."

Mteja ni mteja. Fundi alichukua futi yake ya kitambaa, na kwa kuwa kiuno hicho hakikuzungukika ukiwa mbali, alilazimika kumsogelea, shavu lake karibu liguse shati, mikono imzunguke mgongoni. Shati lilikuwa na unyevu. Lilinuka manukato ya bei juu ya jasho la juzi. Tumbo lilipanda na kushuka mbele ya uso wake, na Profesa akazungumza juu ya kichwa chake, taratibu, kama mtu aliyekaa barazani kwake.

"Mtoto wako ana kichwa, Fundi. Nilimjua pale pale."

"Sasa sifuri ya nini?"

"Fikiria kidogo. Nikisema amejifunza kwa simu, tena simu bubu, kesho nani ataleta mtoto wake jioni?" Alisema bila kuona haya, hata kidogo. "Mimi nina wanangu wanne. Nyumba sijaimaliza."

"Arobaini na nne," alisema Fundi, akijitoa.

"Andika arobaini na mbili. Mama watoto huwa anauliza."

"Nikiandika arobaini na mbili haitafunga, mwalimu."

"Basi kata kwa arobaini na nne, andika arobaini na mbili." Akajifuta shingo kwa leso, akaikagua leso, akairudisha mfukoni. "Sikiliza. Mtoto aandikwe kwenye daftari la tuisheni, kuanzia mwanzo wa muhula. Asaini. Siku ya wazazi asimame aseme asante, maneno mawili matatu. Mimi narudisha maksi zake zote, na Mkuu anasaini fomu. Sitaki hata senti yako."

"Aseme asante kwa nini?"

"Kwa kufundishwa." Aliitazama suruali. "Na hii iwe ya kirafiki. Nitaipitia."

Alipoondoka, Fundi alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Akashona mshono mmoja, akasimama, akaenda kunawa tena. Futi yenyewe aliitumbukiza kwenye maji, jambo ambalo fundi mwenye akili hafanyi, maana futi ya kitambaa ikilowa hurefuka.

&nbsp;

Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala, na alilala mchana. Jioni hiyo alisikiliza habari nzima akiwa kitandani, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Asaini," alisema.

"Mzee, ni uongo."

"Mimi nasaini kila asubuhi kwamba magunia yote yapo. Sijawahi kuyahesabu hata siku moja. Si mnakula?"

"Baba, yeye hajanifundisha kitu," alisema Uzi kutoka mlangoni. "Kwa nini nimshukuru?"

"Kwa sababu kalamu anayo yeye."

"Hiyo si sababu."

"Ndiyo sababu peke yake iliyopo, mama. Hizo nyingine ni za huko kwenye simu yenu." Akageukia ukutani. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kumpiga mtoto wala kumtukana mtu, na kwa upole huo huo alikuwa amekubali kila kitu alichowahi kuambiwa na mtu mwenye meza.

Fundi alimtazama mgongo, akaona kinyaa, kisha akaona aibu kwa kumwonea kinyaa mtu aliyemlisha. "Usisaini," alimwambia binti yake walipotoka nje. "Kesho naenda kwa Mkuu peke yangu. Na yeye ni mwanamke, ana watoto."

Alikwenda. Alingoja kwenye korido tangu saa mbili hadi saa nane, akipishana na ndoo za choo ambazo wanafunzi walizibeba mikono mitupu. Mkuu alimpokea kwa dakika moja, akiwa amesimama.

"Mama, mimi nasaini anacholeta mwalimu wa somo. Mkubaliane huko huko. Tena una bahati, wengine hawaombwi kitu kidogo hivi."

Kwa hiyo alikuwa anajua. Fundi alirudi nyumbani akipita njia ndefu, ili asionane na mtu wa kumsalimia.

&nbsp;

Chumba cha tuisheni kilikuwa na mabenchi kumi na mawili na dirisha moja. Asubuhi ile ya Ijumaa kilikuwa kitupu, kinanuka miguu na mafuta ya taa. Profesa alikuwa amevaa malapa. Aliwafungulia kwa furaha, akawauliza hali ya baba, akaleta daftari kubwa la bluu, akalifungua mezani.

Jina la Uzi lilikuwa limeshaandikwa. Lilikuwa kwenye mstari wa kumi na saba, na mbele yake alama za vema zilikwenda mstari mzima, jioni kwa jioni, bila kukosa hata moja. Kilichobaki ni kisanduku cha saini.

Uzi alipitisha kidole juu ya alama zile. "Hapa nilikuwa hospitali," alisema. "Wiki hii yote. Nilikuwa na homa, nilikuwa nimetundikiwa dripu."

"Ulikuwa mwanafunzi mwenye bidii," alisema Profesa, akacheka, tumbo likacheka naye.

"Na huyu hapa chini yangu alihama mwaka jana."

"Soma mstari wako, binti."

Uzi aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Hakupandisha sauti. "Sisaini. Nimethibitisha ubaoni mkaona. Kwa nini nisaini?"

Profesa alimtazama Fundi, akaangalia saa yake, akaigeuza ili na Fundi aione. Saa nne na dakika arobaini. Halafu akaanza kukata kucha za vidole vya mikono kwa meno, akizitema pembeni, moja moja, bila haraka, mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Fundi alikuwa amekuja na maneno. Alikuwa ameyapanga njiani kote, makali na ya heshima, maneno ambayo mtu akiyasikia hawezi kulala. Alifungua kinywa, akaona kucha moja imeangukia juu ya daftari, karibu na jina la mwanawe. Maneno yale yote yakampotea. Aliona mwaka mzima mwingine, Uzi amekaa nyumbani anakata nyuzi, wenzake wamekwenda. Akamwona kwa miaka kumi, kisha ishirini, mbele ya cherehani ile ile, anazungusha mikono kwenye viuno vya watu. Akaichukua kalamu mezani. Akaushika mkono wa binti yake, akauleta mbele, akaiweka kalamu katikati ya vidole na kuvifumba juu yake, kama alivyofanya zamani kumfundisha kuandika jina.

"Saini, mwanangu. Tumalize."

Uzi alimtazama mama yake. Halafu akainama akasaini, upesi, kwa mwandiko wake safi.

Profesa alipulizia wino ukauke, akafunga daftari. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa fomu ya mtihani iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeshasainiwa na Mkuu na kupigwa muhuri. Tarehe ya muhuri ilikuwa ya Jumatatu.

"Nilijua tutaelewana," alisema. "Fundi, ile suruali?"

"Iko tayari," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimchefua kuliko yote. Alitangulia kutoka. Nyuma yake Profesa alimzuia Uzi mlangoni, akamnong'oneza kitu, na Uzi akaitikia kwa kichwa.

Waliifikisha fomu ofisini saa tano na nusu. Hakuna aliyewauliza swali. Njiani kurudi, wakiwa wamekaribia nyumbani, ndipo Fundi alipouliza.

"Alikuwa anakwambia nini?"

"Nije Jumatatu jioni. Bure."

"Ukafanye nini? Mkono amekwisha kukufundisha yote hayo."

"Anasema wanaokuja jioni watapewa maswali ya mtihani wa majaribio mapema. Hakuna haja ya kuhangaika na video." Uzi aliuhamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile. "Nitaenda."

"Uzi. Utaenda kweli?"

"Jina langu si limo, mama?"

Alisema bila hasira na bila aibu, kama mtu anayetaja saa. Hakuuliza kwa nini. Fundi alitaka kumkemea. Alitaka kumwambia kwamba ni uchafu, kwamba mtoto wake hawezi kuingia kwenye chumba kile na kunyoosha mkono kupokea. Alitafuta pa kuanzia, na kila alipopatafuta aliuona mkono wake mwenyewe ukivifumba vile vidole juu ya kalamu. Waliendelea kutembea, na binti ndiye aliyekuwa mbele.